Milki na Mamlaka: Sheria Ipi Inatawala Ndani ya Kambi?



Jumuiya yetu hapa Marekani imebadilika. Zamani mwenye shughuli na kambi ya jeshi alikuwa dereva wa teksi anayempeleka askari hadi langoni kisha akageuza gari. Leo tunao vijana wetu waliojiunga na jeshi, tunao mabinti walioolewa na wanajeshi na wanaoishi katika nyumba za kambini, na tunao ndugu wanaosafisha mabweni, wanaopika katika mabwalo na wanaojenga majengo mapya kwa mikataba ya makampuni. Kwa hiyo swali ambalo lingekuwa la wanasheria peke yao limeingia majumbani mwetu: mtu akishavuka lango la kambi, je, ametoka katika jimbo au bado yumo?

Jibu ambalo watu huambiana ni kwamba kule ndani ni ardhi ya serikali, sheria ya jimbo haifiki. Jibu hilo ni kweli kwa kambi fulani na si kweli kwa kambi nyingine. Tena zipo kambi ambamo ni kweli upande huu wa barabara na si kweli upande wa pili. Aliyeumia kazini, mke anayetaka ulinzi wa mahakama na mzazi ambaye mwanawe amekamatwa, wote hupoteza siku za thamani wakibisha hodi katika mlango usiowahusu. Ndiyo sababu tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Tuanze na tofauti baina ya milki na mamlaka. Wasomaji wetu wa Mwambao hawana haja ya kufundishwa kwamba hivi ni vitu viwili. Tangu 1895 hadi 1963 ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa ni nchi ya Sultani wa Zanzibar, na bendera yake nyekundu ikipepea juu ya Ngome ya Mombasa, ilhali aliyeuendesha kwa mkataba alikuwa Mwingereza. Mwenye nchi kwa hati si lazima awe ndiye mwenye kuhukumu. Marekani nayo, Serikali Kuu ya Washington inaweza kuwa na shamba, jengo au msitu kama mwenye mali mwingine yeyote, na ardhi hiyo ikabaki chini ya sheria za jimbo. Ni kweli kwamba jimbo haliwezi kuitoza kodi ardhi hiyo wala kuizuia Serikali Kuu isifanye kazi zake, lakini mwizi akiiba hapo polisi wa wilaya watamkamata na mahakama ya jimbo itamhukumu. Ili Serikali Kuu iwe ndiyo mtungaji pekee wa sheria mahali hapo, hapana budi pawe na jambo la ziada.

Jambo hilo limo katika Katiba ya 1787, na lina kisa chake. Mwezi Juni 1783, vita vya uhuru vikiwa vimekwisha na mishahara haijalipwa, mamia ya askari wenye hasira walilizunguka jengo la Philadelphia ambamo Bunge la majimbo yote lilikuwa likikutana. Bunge likawaomba watawala wa jimbo la Pennsylvania waite wanamgambo ili walilinde. Watawala hao walikataa. Wabunge wakahama mji na kwenda Princeton, katika jimbo jirani la New Jersey, kama wapangaji waliofukuzwa na mwenye nyumba. Fedheha ile haikusahauliwa. Miaka minne baadaye, waandishi wa Katiba waliokutana katika mji ule ule waliweka kifungu kinacholipa Bunge la Marekani mamlaka pekee juu ya makao makuu yasiyozidi maili kumi kwa kumi, na mamlaka kama hayo juu ya kila mahali patakaponunuliwa kwa idhini ya Bunge la jimbo kwa ajili ya ngome, maghala ya silaha, viwanda vya silaha, gudi za meli na majengo mengine yanayohitajika.

Msomaji azingatie neno "idhini". Serikali Kuu hailichukui jimbo kwa mabavu; jimbo lenyewe ndilo linaloachia. Na kwa kuwa linaachia kwa hiari, mahakama zimekubali kwamba linaweza kuweka masharti. Hilo liliamuliwa katika kesi ya Fort Leavenworth. Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1827, nchi ikiwa bado haijagawanywa majimbo. Kansas ilipofanywa jimbo mwaka 1861, waliohusika walisahau kuandika kwamba ngome itabaki chini ya mamlaka ya Washington. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka 14 Serikali Kuu ilikuwa mwenye ardhi tu katika ngome yake yenyewe. Mwaka 1875 Kansas iliyarudisha mamlaka, ila ilijiwekea haki ya kupeleka hati za mahakama ndani ya ngome na haki ya kuzitoza kodi kampuni za reli na za madaraja. Kampuni moja ya reli ilipinga kodi hiyo, na mwaka 1885 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba sharti la Kansas ni halali.

Tangu hapo kila jimbo lilitoa kwa namna yake na kila kipande cha ardhi kikapata historia yake. Kuna ardhi ambayo Serikali Kuu ina mamlaka pekee. Kuna ambayo mamlaka ni ya pamoja, mahakama zote mbili zikiwa na haki. Kuna ambayo jimbo limebakiza sehemu tu, mathalan kodi. Na kuna ambayo Serikali Kuu ina milki bila mamlaka. Kambi moja kubwa, iliyonunuliwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mingi, inaweza kuwa na aina hizi zaidi ya moja, na hakuna rangi ya ukuta wala kibao kitakachokuonyesha umevuka kutoka hii kwenda ile.

Tofauti hizi si za vitabuni. Mwezi Machi 1943 Mahakama ya Juu ilitoa siku moja hukumu mbili kuhusu maziwa ya askari. Katika kesi ya California, muuzaji aliuza maziwa katika kambi ya Moffett Field kwa bei iliyo chini ya ile iliyowekwa na jimbo. Katika kesi ya Pennsylvania, mwingine alifanya vivyo hivyo katika kambi iliyojengwa kwenye ardhi ya jimbo, ambayo jeshi liliitumia kwa mkataba wa kukodi. Yule wa kwanza alishinda, kwa kuwa Moffett Field ilikuwa chini ya mamlaka pekee ya Serikali Kuu. Yule wa pili alishindwa, kwa kuwa mamlaka ya jimbo hayajaondoka. Kinywaji ni kile kile, wanywaji ni askari wa jeshi moja, na kosa ni moja.

Hebu sasa tuangalie jambo ambalo wengi hawalijui, nalo lina maana kubwa kwa wafanyakazi. Jimbo likishaachia mamlaka, sheria zake za zamani hazifi siku hiyo. Mwaka 1881 treni iligonga na kuua ng'ombe ndani ya eneo la Fort Leavenworth. Kansas ilikuwa na sheria ya 1874 iliyozilazimisha kampuni za reli kulipa fidia ya mifugo iliyouawa mahali pasipo na ua. Kampuni ikadai kwamba sheria ya Kansas haina nguvu tena pale. Mahakama ya Juu ilikataa: ardhi ikihama kutoka mkono wa mtawala mmoja kwenda wa mwingine, sheria za kila siku zinazolinda mali na haki za watu baina yao zinaendelea mpaka mtawala mpya azibadilishe. Mwenye ng'ombe akapata haki yake.

Kanuni ya ng'ombe ndiyo iliyowasaidia wanadamu baadaye. Mfanyakazi mmoja alianguka na kufa katika ujenzi wa jengo la posta mjini New York, kwa sababu mihimili ya chuma haikutandikwa mbao za kukanyagia kama sheria ya jimbo ilivyoamuru. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sharti hilo la mbao lilikuwapo kabla ardhi haijahamishwa, na kwa hiyo lilimlinda marehemu hata ndani ya ardhi ya Serikali Kuu.

Lakini kanuni hiyo ina makali pande zote mbili. Sheria zilizokuwapo siku ya uhamisho zinabaki. Zile ambazo jimbo linatunga baadaye haziingii, ila kwa ruhusa ya Bunge la Marekani. Fikiri kambi ambayo mamlaka yake yalihamishwa mwaka 1941. Mfanyakazi wa kampuni ya usafi ndani yake anaweza kukuta kwamba sheria nzuri ya jimbo iliyotungwa miaka ya karibuni kuhusu malipo, mapumziko au ubaguzi kazini, ambayo mwenzake wa nje ya lango anaitegemea, kwake yeye haifanyi kazi. Mahakama zimezifuta kesi za namna hiyo si kwa sababu mlalamikaji alikuwa mwongo, bali kwa sababu alitaja sheria isiyofika pale alipokuwa amesimama.

Bunge la Marekani limeziba baadhi ya matundu haya, moja moja, kila lilipopigiwa kelele. Mwaka 1928 lilikubali madai ya kifo kilichosababishwa na uzembe yafuate sheria ya jimbo. Mwaka 1936 lilikubali sheria za majimbo za fidia ya walioumia kazini zitumike. Mwaka 1940 lilikubali majimbo yatoze kodi ya mapato na ya mauzo ndani ya maeneo hayo, ingawa maduka ya jeshi yenyewe hayatozwi kodi ya mauzo. (Kodi, kama kawaida, haikuchelewa kupata njia.) Na sheria za Serikali Kuu zenyewe zinafanya kazi kila mahali: ile ya 1938 ya kima cha chini cha mshahara, na ile ya haki za raia ya 1964 inayokataza mwajiri kumbagua mtu kwa dini yake, rangi yake au asili yake. Dada aliyekatazwa mtandio na kampuni ya usafi ndani ya kambi asikubali kuambiwa kwamba hana sheria. Anayo, ila ni ya Washington, na ina muda mfupi wa kulalamika ambao haufai kupotezwa.

Ama kuhusu jinai, mambo yamepangwa zaidi. Kwa makosa makubwa kama kuua, Serikali Kuu ina sheria zake. Kwa makosa mengine ambayo haikuyataja, tangu 1825 kuna sheria inayoazima ile ya jimbo: kosa linapimwa kwa kitabu cha jimbo lakini linasikilizwa katika mahakama ya Serikali Kuu. Tangu 1948 kinachoazimwa ni sheria ya jimbo kama ilivyo siku ya kosa. Kwa hiyo Fort Campbell, kambi iliyolalia mpaka wa Kentucky na Tennessee, ni lazima kwanza ijulikane tukio lilitokea upande upi. Hata dereva aliyekimbiza gari ndani ya kambi anaweza kupewa hati ya kufika mbele ya hakimu wa Serikali Kuu badala ya mahakama ya wilaya, na asiyeitikia hati hiyo anajitafutia hati ya kukamatwa. Mwaka 2021, Waafghanistan zaidi ya 12,000 walipohifadhiwa Fort McCoy, Wisconsin, wanaume wawili kati ya wageni wale walishtakiwa kwa makosa ya jinai ndani ya kambi, na mashtaka yao yalifunguliwa katika mahakama ya Serikali Kuu. Wasiokuwa wanajeshi hawapelekwi mbele ya mahakama ya kijeshi kwa sababu tu ya kuwamo kambini. Uvumi huo tumeusikia mara nyingi, na hauna msingi.

Mamlaka hayaji yenyewe pia. Tangu Februari 1940 sheria inasema kwamba Serikali Kuu haihesabiwi kuwa na mamlaka juu ya ardhi mpya mpaka iyakubali kwa taarifa rasmi. Askari watatu waliokuwa Camp Claiborne, Louisiana, walihukumiwa kifo na mahakama ya Serikali Kuu kwa jinai nzito iliyotendeka humo kambini. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ilisema mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kuwahukumu, kwa kuwa taarifa ya kuyakubali mamlaka haikuwa imepelekwa. Roho za watu watatu zilining'inia kwenye barua isiyoandikwa.

Haki za uraia nazo ziliyumba kwa miaka mingi. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba wazee waliolemaa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya askari huko Dayton, si wakaazi wa Ohio, na kura zao hazikuhesabiwa. Watu waliopoteza miguu kwa ajili ya nchi waliambiwa hawana mahali pa kupigia kura! Bunge la Marekani lililirudishia jimbo mamlaka mwaka 1871. Huko Maryland, mwaka 1926, Mahakama ya Rufaa ilikataa kusikiliza kesi ya kuvunja ndoa ya watu walioishi katika ardhi ya namna hiyo, kwa hoja ile ile kwamba hawakai Maryland.

Maryland hiyo hiyo ndiyo iliyoleta suluhu. Mwaka 1968 wakaazi wa viwanja vya taasisi ya taifa ya utafiti wa afya huko Bethesda, ambavyo si vya jeshi lakini viko katika hali ile ile ya kisheria, waliambiwa kwamba watafutwa katika daftari la wapiga kura. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1970 majaji kwa kauli moja waliwapa haki. Hukumu iliandikwa na Jaji Thurgood Marshall, mtu ambaye wazee wetu wa Kenya wanamkumbuka, kwa maana ndiye aliyewashauri wajumbe wa Kiafrika kuhusu haki za raia katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mjini London mwaka 1960. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watu hawa wanalipa kodi ya mapato ya jimbo, magari yao yanasajiliwa na jimbo, watoto wao wanasoma katika shule za jimbo, na ndoa zao zinavunjwa katika mahakama za jimbo. Basi kura watanyimwaje?

Kwa hiyo, kijana anayeishi kambini asiache kujiandikisha kwa kudhani hana jimbo. Na mume na mke wanaotaka kuachana wajue kwamba majimbo mengi sasa yana sheria inayomruhusu aliyekaa kambini kufungua kesi. Kansas, mathalan, inadai siku 60 tu za kuwapo. Tunalisema hili kwa sababu talaka iliyopita mbele ya imamu haiivunji ndoa iliyosajiliwa na jimbo, na hapo ndipo kesi za matunzo na malezi zinapokwama.

Tundu ambalo halijazibwa vizuri ni la watoto. Kijana wa miaka 14 akimdhuru mwenzake katika ardhi yenye mamlaka pekee, mahakama ya watoto ya wilaya haina nguvu, na Serikali Kuu haina mahakama ya watoto iliyo yake. Sheria yake inapendelea kesi hizo ziende majimboni. Yatokea basi kwamba kesi haiendi popote. Kamanda anaweza kuiamuru familia ihame kambi, lakini aliyedhuriwa hapati hukumu na aliyedhuru hapati tiba wala malezi. Habari hizi zilifichuliwa na waandishi wa habari mwaka 2018, na tangu hapo majeshi yamekuwa yakiyaomba majimbo yakubali mamlaka ya pamoja katika kesi za watoto, na majimbo kadhaa yametunga sheria za kukubali. Kwa maoni yetu, hili lilipaswa kufanywa zamani. Tume ya Serikali Kuu iliyotoa ripoti zake 1956 na 1957 ilikwisha kusema kwamba katika sehemu nyingi hakuna haja ya Washington kushika mamlaka yote, na sheria inawaruhusu wakuu wa majeshi kuyarudisha. Nusu karne na zaidi si muda mfupi kwa mzazi anayesubiri.

Wenye watoto kambini waiulize ofisi ya msaada wa kisheria ya kambi, ambayo huwashauri wanajeshi na familia zao bila malipo, swali moja lililonyooka: nyumba yetu iko katika ardhi ya mamlaka ya aina gani, na kwa watoto je? Mfanyakazi wa kampuni, ambaye ofisi hiyo si yake, amwombe wakili wake atafute hati ya uhamisho na tarehe yake kabla ya kuandika madai.

Na kwa kina mama: amri ya kamanda inayomkataza mume kumkaribia mke ni amri ya kijeshi, na polisi wa mji hawawezi kumkamata mtu kwa kuivunja tu. Amri ya ulinzi iliyotolewa na mahakama ya jimbo, kwa upande wake, ina nguvu hata ndani ya kambi. Bunge la Marekani liliamua hivyo mwaka 2002, bila kujali ardhi ni ya mamlaka gani. Anayehitaji ulinzi aombe zote mbili, na nakala ya ile ya mahakama aipeleke kwa polisi wa kambi siku ile ile anapoipata.